Daktari ameenda mkutano

Wiki tatu zilizopita nilimpeleka mama kliniki ya presha, hospitali moja ya umma hapa Kisumu, jina naliacha kwa sababu hata ningeitaja ingine bado ungeamini. Tulifika saa moja kasoro asubuhi tukapewa namba 14, tukakaa kwa ile benchi ya mbao imeng'aa kwa kukaliwa na watu, na pale mlangoni chini ya kibao cha jina la daktari kulikuwa na karatasi imebandikwa kwa selotepu upande mmoja tu, feni ikipita inaipeperusha: DAKTARI AMEENDA MKUTANO. Hakuna saa, hakuna siku. Mama mmoja wa Nyalenda aliyekuwa karibu yetu akacheka kile kicheko cha uchungu akasema, "Huyo siku hizi ni daktari wa mikutano. Alikuwa mzuri sana kabla hawajamfanya mkubwa."

Benchi nzima ikakubali. Mimi nilinyamaza, kwa sababu niliwahi kufanya kazi ya karani wa data huku magharibi, kuzunguka vijijini na tablet nikiuliza watu walilala kwa neti ama hawakulala, na nimekaa kwa hiyo mikutano nikiandika kumbukumbu, kwa hivyo najua kidogo upande wa pili wa ule mlango. Shida ni kwamba ukitaka kumweleza mtu daktari bingwa wa wodi anafikaje kuwa mhadhiri, halafu mtafiti, halafu mkubwa wa afya wa kaunti, na bado jina lake likabaki mlangoni, utamaliza chai kabla hujafika katikati. Wacha nijaribu.

Tuanze na miaka maana hapo pekee pameshatosha kumchosha mtu. Ukitoka fomu foo ukaitwa kusomea udaktari, ile digrii inayoitwa MBChB ni miaka 6, halafu mwaka mmoja wa intanshipu ambao unalala hospitali kuliko kwenu, ndio baraza la madaktari, KMPDC, likupe leseni ya kudumu. Hapo wewe ni medikal ofisa, MO, ndiye yule kijana wa macho mekundu tunakutana naye kasualti saa nane usiku. Ukitaka ubingwa, wa watoto ama wa akina mama ama upasuaji, unarudi shule miaka minne mpaka mitano, inaitwa MMed, na hiyo si shule ya kukaa darasani, unasoma ukiwa unafanya kazi wodini. Hesabu mwenyewe, mtu akiharakisha sana anakuwa bingwa akiwa na thelathini na kitu, na rika lake lililosomea biashara tayari lina ploti Mamboleo.

Zamani yote hayo yalikuwa Nairobi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilifungua shule ya udaktari 1967 na kikabaki peke yake mpaka Chuo Kikuu cha Moi pale Eldoret walipochukua wanafunzi wa kwanza 1990. Sasa kuna Maseno, kuna Uzima hapa Kisumu, kuna Egerton ambao wanafundishia hospitali kuu ya kaunti ya Nakuru, kuna Masinde Muliro kule Kakamega. Na Moi walileta kitu ambacho naona hakisemwi vya kutosha: mwanafunzi wa udaktari anatumwa kuishi kijijini wiki kadhaa, anaangalia maji yanatoka wapi, choo kiko wapi, nani anaumwa na hajawahi kuona hospitali. Wanaita COBES. Kuna madaktari wamenieleza kwamba mambo yao yote ya baadaye yalianzia hapo, kwa choo cha mtu fulani.

Sasa twende kwa kitu ambacho hata wagonjwa wa miaka mingi hawakijui. Kwa hospitali ya kufundishia, kwa mfano Jaramogi Oginga Odinga, ile wazee bado wanaita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti na ikafunguliwa 1969, wale madaktari wakubwa unawaona kwa raundi asubuhi, koti nyeupe, wanafunzi kumi nyuma yao kama vifaranga, si watu wa mwajiri mmoja. Kuna walioandikwa na hospitali ama kaunti kutibu, na kufundisha wanaongezewa juu, wengi kwa cheti cha mhadhiri wa heshima, heshima tele na mshahara hakuna. Kuna walioandikwa na chuo kikuu kufundisha, na kutibu ndio wanaongeza. Kwa macho ni watu wale wale. Lakini mmoja akitaka kupanda cheo ataulizwa na kaunti amefanya kazi miaka mingapi, mwingine ataulizwa na chuo amechapisha pepa ngapi, amesimamia wanafunzi wangapi wa masta, ameleta pesa gani za utafiti. Unaweza kuwa mhadhiri mwenye mikono ya dhahabu, kila mama aliyekwama kujifungua anakulilia wewe, na usipoandika pepa utastaafu bila kuitwa profesa. Na kuna mwenye jina kubwa kwa majarida ya Ulaya ambaye hata sindano sasa inamtetemesha. Sisemi yupi ni bora, nasema mizani ni tofauti.

Ndio maana pia mgomo unapokuja watu hawaelewi. Ule wa siku 100, Desemba 2016 mpaka Machi 2017, wanafunzi wa udaktari walijikuta na vitabu tu kwa sababu mgonjwa ndiye kitabu kikubwa na wagonjwa walikuwa wametumwa nyumbani. Wodi ikifungwa, darasa nalo limefungwa.

Kisha kuna utafiti. KEMRI, taasisi ya serikali ya utafiti wa tiba, ilianzishwa 1979, na kituo chake cha Kisian, ukielekea Busia, kimefanya kazi na wale CDC, shirika la Marekani la kudhibiti magonjwa, tangu mwaka huo huo. Watu wa hapa tunakijua kwa magari meupe na kwa kuajiri vijana wetu. Lakini nataka nikae kidogo kwa utafiti mmoja, ule wa neti, kwa sababu bila huo huwezi kuelewa kwa nini mtu mwenye akili zake anaacha wodi.

Miaka ya tisini mwishoni, huko Asembo na Gem, upande wa Siaya, malaria ilikuwa ya mwaka mzima, haina msimu. Kila mtu alijua neti inazuia mbu, hilo si swali. Swali lilikuwa gumu zaidi: mahali mtoto anaumwa na mbu wenye malaria kila mwezi, mwili wake unajifunza kupigana polepole, sasa ukimweka ndani ya neti asijifunze, si atakuja kufa akiwa na miaka minne badala ya mwaka mmoja? Utakuwa umesogeza kaburi tu. Wataalamu walibishana kweli kweli. Basi wakachukua vijiji zaidi ya 200, watu kama 125,000, wakapiga bahati nasibu ya hadharani, nusu ya vijiji vikapata neti zilizotiwa dawa, nusu vikangoja miaka miwili ndio vikapewa. Shangazi yangu ameolewa Gem na kijiji chao kilikosa. Anasimulia mpaka leo vile watu walirudi nyumbani wamenuna, na vile mwenzake wa ng'ambo ya mto alikuwa akianika neti kwa ua makusudi ionekane.

Matokeo: vifo vya watoto chini ya miaka mitano, ukiondoa mwezi wa kwanza wa kuzaliwa, vilipungua asilimia 16, na kwa wasiofika mwaka mmoja asilimia 23. Waliendelea kuwafuata mpaka miaka sita na ile hofu ya kusogeza kaburi haikuonekana. Na kulikuwa na kingine hakuna aliyetarajia kiwe kikubwa vile, kwamba hata nyumba zisizo na neti, bora ziko kama mita 300 kutoka kwa wenye neti, watoto wao walipona pia, kwa sababu mbu wenyewe walikuwa wanakufa. Nilipomwambia shangazi, alisema, "Kumbe yule wa kuringa alikuwa ananisaidia."

Sasa fikiria wewe ni daktari wa watoto wodini wakati huo. Unaona watoto ishirini kwa siku, wameishiwa damu, unawaongeza damu, wengine wanapona wengine hapana. Asilimia 16 ikipungua, wewe kwa macho yako hutaona kitu. Leo wako ishirini, kesho kumi na saba, kesho kutwa ishirini na mbili. Yule mtoto ambaye hakufika hospitali kwa sababu hakuugua, huwezi kumwona, hana faili, mama yake hatakuletea kuku wa shukrani. Anaonekana kwa hesabu peke yake, na hesabu inataka mtu akae chini azifanye, halafu asimame mahali azitetee ili pesa zinunue neti. Huyo ndiye mgonjwa wa daktari wa afya ya umma. Mgonjwa asiyefika. Na ndio maana kazi yake kwa nje inafanana na kutofanya kazi.

Magharibi hii imetoa watu wa namna hiyo mapema sana kuliko tunavyojisifu. Profesa Miriam Were, mzaliwa wa upande wa Kakamega, alikuwa mwalimu kwanza kabla ya kusomea udaktari Nairobi, akaenda Johns Hopkins Marekani kwa masta na udaktari wa afya ya umma, na miaka ya sabini akawa anafanya kazi na vijiji vya Kakamega, wanavijiji wenyewe wakichagua wa kwao wa kufundishwa mambo ya afya. Amefundisha chuo kikuu, amefanya kazi na UNICEF na WHO na UNFPA, akaongoza baraza la taifa la kupambana na ukimwi 2003 mpaka 2009, akapata ile tuzo ya Hideyo Noguchi ya Japani 2008 ilipotolewa mara ya kwanza, baadaye akawa chansela wa Chuo Kikuu cha Moi. Ukiangalia hiyo safari si ngazi ya kupanda, ni mtu anayetoka darasani kwenda kijijini kwenda ofisini akirudi darasani. Na kule Saradidi, Siaya, Dan Kaseje naye alikuwa na mpango ambapo wanakijiji waliochaguliwa na wenzao waligawa klorokwini, dawa ya malaria ya wakati huo, wakati dispensari ilikuwa mbali. Leo tunaona wahudumu wa afya ya jamii wakipita na begi na simu ya kazi, waliozinduliwa rasmi nchi nzima Septemba 2023, posho shilingi 5,000 kwa mwezi nusu serikali kuu nusu kaunti, tunadhani ni kitu kipya. Mizizi yake iko huku kwetu.

Tohara nayo. Hapa Kisumu kati ya 2002 na 2006 kulikuwa na jaribio la wanaume 2,784 wa miaka 18 mpaka 24, kuona kama tohara inapunguza kuambukizwa virusi vya ukimwi. Desemba 2006 likasimamishwa mapema kwa sababu jibu lilikuwa wazi, maambukizi yalipungua zaidi ya nusu, na waliokuwa wanangoja wakaambiwa kama mnataka mje. Kwa sayansi hiyo ilikuwa mwisho. Kwa maisha ya kweli ilikuwa mwanzo, maana unaenda kumwambia nani? Mjaluo wa jadi aling'olewa meno sita ya chini, hakutahiriwa, na nyote mnajua siasa za nchi hii zimelitumia hilo kumtukania mtu. Ukileta grafu mbele ya baraza la wazee utatoka nayo. Ilibidi madaktari na watafiti wakae na wazee, wasikie wakikataa, warudi tena, viongozi akiwemo Raila Odinga wakatoka hadharani kuunga mkono, na mpango wa serikali ukaanza 2008 ukisema wazi hii ni hiari na ni ya afya, si kubadilisha kabila la mtu. Hiyo miezi ya kukaa na wazee haiko kwa pepa yoyote ya kumpandisha mtu cheo. Ilikuwa ni mikutano.

Haya, ofisi ya kaunti. Katiba ya 2010 ilipeleka hospitali, dispensari na ambulensi kwa kaunti, kazi ikaanza 2013, serikali kuu ikabaki na sera na hospitali za rufaa za taifa. Ndani ya kaunti kuna watu watatu na wananchi huwachanganya kila siku. Yule tunaita waziri wa afya wa kaunti huteuliwa na gavana, bunge la kaunti linamhoji, na hakuna sheria inayosema lazima awe daktari. Chini yake kuna chifu ofisa, huyu ndiye ameshika kalamu ya pesa. Halafu kuna mkurugenzi wa afya, ambaye kwa ile sheria ya afya ya 2017 ndiye mshauri wa kitaalamu wa kaunti kwa mambo yote ya afya. Mshauri. Yaani yule mwenye MMed yake na masta ya afya ya umma na miaka yake ya wodi, anajua dawa gani itaisha mwezi gani, lakini hasaini cheki. Dawa zikikosekana, ni jina lake linatukanwa sokoni Kibuye, na yeye mwenyewe ameandika memo mara tatu, na chifu ofisa naye anangoja pesa kutoka Nairobi. Sitetei mtu hapo, kuna wavivu pia na wezi wapo, lakini ukitaka kulaani vizuri ni vyema ujue kalamu iko mkono wa nani.

Nilikaa kwa mkutano mmoja wa aina hiyo, kaunti mojawapo ya huku, nikiandika kumbukumbu. Ukumbi wa hoteli, chai na sambusa, masaa manne, na masaa yote manne yalienda kwa swali moja: vidonge vya presha viagizwe vingapi. Walikuwa na ripoti za dispensari, na kulingana na ripoti wagonjwa walikuwa wachache, kwa hivyo mtu wa bajeti akasema tuagize kidogo. Akasimama daktari mmoja mwanamke, alikuwa bingwa wa wodi miaka kumi kabla hajaingia ofisini, akasema hao si wachache, hao ni watu walikuja mara ya kwanza wakakosa dawa, wakaja mara ya pili wakakosa, na mara ya tatu hawakuja, na mimi nimewapokea wodini wakiwa wamepooza upande mmoja. Ukumbi ukanyamaza. Ripoti ilikuwa sahihi kabisa, kila namba imejumlishwa vizuri, nami ni mmoja wa waliozijumlisha, na bado ilikuwa inasema uongo. Bila miaka yake ya wodi hiyo namba ingepita.

Hapo ndipo sikubaliani na wale wanaosema mshika mbili moja humponyoka, kwamba daktari achague, atibu ama akae ofisini. Ni kweli inaponyoka, mimi mwenyewe nimekaa kwa benchi namba 14. Lakini ofisi iliyojaa watu ambao hawajawahi kupokea mgonjwa usiku itaagiza vidonge kidogo kila mwaka kwa roho safi.

Kinachowaumiza zaidi hao watu wa katikati ni kwamba kila upande una saa yake. Wodi inahesabu dakika. Gavana anahesabu miaka mitano. Utafiti unahesabu unavyotaka wenyewe, kwa mfano chanjo ya malaria, jaribio lake kubwa la mwisho lilianza 2009, Siaya na Kombewa zikiwa kati ya vituo 11 Afrika, na mtoto wa kawaida wa Homa Bay aliipata Septemba 2019, miaka kumi kamili, na WHO wakaipendekeza rasmi Oktoba 2021. Ndani ya hiyo miaka magavana walikuja wakaenda. Na pesa zina saa yake pia. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada ya nje, watu wa miradi huku Kisumu waliamka wakaambiwa wasije kazini, kliniki nzima zilizokuwa zinaendeshwa kwa granti zikabaki na makabati. Kwa hivyo ukimwona daktari amekimbilia kazi ya kaunti ama ya serikali usidhani ni tamaa ya ukubwa kila mara, wakati mwingine ni mtu aliyegundua mshahara wa wafanyakazi wake wote unategemea barua pepe ya mtu asiyeijua Kondele.

Turudi kwa benchi. Daktari alirudi saa nane na robo, jasho, kadi ya mkutano bado iko shingoni, akabandua ile karatasi mwenyewe akaikunja mfukoni, nadhani ya kutumia wiki ijayo. Mama yangu ni Mmaragoli ameishi upande wa Maseno maisha yake yote, haogopi mtu, alipoingia tu akauliza, "Daktari, huo mkutano ulikuwa na chakula kizuri kuliko sisi?"

Akacheka. Akamfunga ile kitambaa ya presha mkononi, akangoja isome, akaandika, ndio akajibu. "Mama, tulikuwa tunazungumza vile dawa zako zitakuwa zinapatikana dispensari ya karibu na kwako. Ukipimwa huko, ukichukua huko, hutakuwa unapanda matatu mpaka hapa kila mwezi."

"Na wewe utakuwa huko?"

"Hapana. Kuna klinikali ofisa mzuri. Mimi utaniona tu ukiharibika sana, na hatutaki uharibike."

Tulitoka. Mama hakusema kitu mpaka tukafika stejini, matatu ya Maseno ikaanza kuita watu, akanigeukia na kale kamfuko ka dawa mkononi. "Kwa hivyo ameenda mkutano," akasema, "kupanga vile asinione tena." Akapanda, akakaa dirishani.

Mwezi huu hakunipigia simu nimpeleke. Nilipouliza, akasema alienda dispensari saa nne, saa tano alikuwa ashafika shambani.